Bustani Nyuma ya Nyumba

Wako watu wanaopita nyuma ya nyumba ya bibi kizee, wakaona mihogo, maharagi, maboga na migomba imesongamana mahali pamoja, wakacheka: «Shamba gani hili lisilo na mistari?» Wasicheke. Wasikilize kwanza habari za zamani.

Watu wa kale wa Kongo walikuwa na mtama, kunde na michikichi: ndiyo mimea ya Afrika yenyewe. Migomba ilitoka Asia zamani sana. Mwaka 1482 Wareno walifika penye mlango wa mto Kongo. Baadaye mahindi, mihogo, maharagi, karanga na viazi vitamu vilikuja kutoka Amerika. Nani aliijaribu mimea hiyo migeni, akajua kila mmoja upandwe lini? Zaidi ni wanawake, katika mashamba yao na bustani ndogo karibu na jiko, ambamo majivu na maganda hurutubisha udongo.

Tutazame Katanga. Mvua hunyesha kama toka Novemba hadi Aprili. Zikianza, mahindi na maharagi hupandwa pamoja. Maharagi huutia udongo nguvu. Majani ya maboga huufunika usikauke wala usichukuliwe na maji. Kiangazi kikifika, mboga hupandwa bondeni penye unyevu na kumwagiliwa. Na muhogo je? Wenyewe hungoja udongoni mwaka mzima na zaidi, kama ghala isiyo na mlango.

Lakini mwaka 1917 serikali ya Kibelgiji ilitoa sheria ya mazao ya lazima: hadi siku 60 kila mwaka mwanakijiji alime alichoagizwa, na mahali pengi kilikuwa pamba. Siku hizo zilitolewa katika kazi ya chakula, na pamba hailiwi.

Tena, karibu na mwaka 1973, kidudu kigeni, cheupe kama unga, kilionekana katika mihogo ya nchi yetu, iliyoitwa wakati ule Zaire. Kilitoka Amerika, adui zake wakabaki huko. Majani yalinyauka, sombe ikapungua, mizizi ikawa midogo. Mwenye mihogo tu alipata taabu. Mwenye viazi, ndizi na kunde alikuwa bado na cha kupika. Mwaka 1981 wataalamu walimpata huko Paraguay nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya kidudu hicho. Akaletwa Afrika, na miaka iliyofuata mihogo ikapata nafuu.

Basi tumejifunza nini? Mchanganyiko wa bibi si uvivu. Ni akili ya vizazi vingi. Hata kama kiwanja chako ni kidogo, panda mimea ya namna nyingi. Usichome nyasi kavu, bali funika udongo nazo. Chagua mbegu bora, uzitundike juu ya moshi wa jiko. Na bibi angali hai, kaa naye bustanini, umwulize: «Hii yapandwa lini?»