Usakinishaji: Istilahi na Mgeni wa Linux

Usakinishaji ni tendo la kuiweka programu ndani ya kompyuta na kuiandalia nafasi, mafaili na vibali inavyohitaji ili ifanye kazi. Istilahi hii imejengwa juu ya kitenzi sakini, yaani kukaa mahali na kupafanya makazi, chenye shina moja na neno maskani. Mafundi wengi nchini Tanzania, hata hivyo, husema "kupiga window", na kwa kawaida humaanisha kufuta kilichomo kwenye diski na kuweka upya mfumo endeshi, ambao ndio programu kuu inayosimamia vifaa vya kompyuta na programu nyingine zote.

Tofauti hiyo ina uzito kwa anayeijaribu Linux, mfumo endeshi huria ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na ambao kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuunakili na kuubadili. Mwalimu wa Kayanga wilayani Karagwe au karani wa chama cha ushirika cha kahawa huko Nkwenda wilayani Kyerwa hawezi kukubali mitihani au hesabu za wakulima zifutwe, kwa hiyo hulazimika kuigawa diski ili mifumo miwili ikae pamoja, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwani kuchagua sehemu isiyo sahihi huweza kufuta kila kitu. Sehemu hizo hazifai kuitwa vigawe wala vigawo, maneno ambayo mwanafunzi ameshayazoea katika Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) na Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) vya hisabati. Jina "sehemu ya diski" linatosha.

Matatizo mengine hutangulia hatua hiyo. Faili la siku hizi la kusakinisha Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, huzidi GB 5, mzigo mkubwa kwa bando la simu, na kulinakili tu kwenye flashi hakutoshi, kwa sababu sharti liandikwe kwa programu maalumu ndipo kompyuta iweze kuwaka kwa kuitumia flashi hiyo. Baadhi ya kadi za Wi-Fi nazo huhitaji kiendeshi, yaani programu ya kukitambulisha kifaa kwa mfumo, ambacho hupatikana kwa intaneti ileile ambayo kadi ilitarajiwa kuileta. Dawa yake ni kuiunganisha simu kwa waya wa USB na kutumia intaneti yake.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 uliwapa Waswahili programu ya ofisi kwa lugha yao, kazi ya kuheshimiwa sana, lakini haikuviondoa vikwazo hivi vya kusakinisha Linux. Katika wilaya hizo za mkoa wa Kagera, yaani Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, ambako kufika Bukoba ni safari ya zaidi ya kilomita 100, flashi moja iliyoandaliwa vizuri inaweza kuhudumia shule nyingi bila kuvunja leseni yoyote. Walimu wa TEHAMA na watangazaji wa redio ya jamii ya FADECO wawafundishe wananchi kunakili kwanza nyaraka zao mahali pengine, kisha waiendeshe Linux kutoka kwenye flashi na kuhakikisha Wi-Fi, sauti na kioo vinafanya kazi, kabla ya kuigusa diski.