Takwimu za Akiba na Takwimu za Mtandaoni: Historia ya Jozi Moja ya Istilahi

Hivi karibuni niliombwa kupitia tafsiri ya mwongozo wa programu ya kompyuta itumikayo kuchora mwenendo wa bei za hisa. Mwongozo ulitofautisha aina mbili za takwimu: zile zilizomo ndani ya mashine ya mtumiaji, na zile ziletwazo kwa mtandao kila zinapoitwa. Aina ya kwanza mfasiri aliiita "takwimu za kienyeji". Mhariri, kwa kuona kuwa neno hilo halipendezi, akalibadili kuwa "takwimu za hapa nchini". Msomaji wa Dar es Salaam akiyaona maneno hayo atadhani anaelekezwa kwenye bei za soko la hisa la kwao, ilhali mwongozo unasema habari ya diski iliyo mezani pake. Kosa hili halikutokana na uvivu. Limetokana na kufasiri neno bila kuijua historia ya kitu chenyewe, na historia hiyo ndiyo tukusudiayo kuieleza hapa.

Tarehe 15 Novemba 1867, mjini New York, ilianza kutumika mashine ya kuchapa bei za hisa iliyobuniwa na Edward Calahan. Bei zilipita katika waya wa telegrafu na kutokea kwenye ukanda mwembamba wa karatasi katika ofisi za madalali. (Sisi waya huo tuliuita simu, neno la Kiajemi lenye maana hiyo hiyo ya waya, kabla jina hilo halijahamia kwenye chombo cha kusemea.) Ukanda ulisomwa, kisha ukatupwa. Aliyetaka kujua bei ya mwezi uliopita hakuwa na budi kuwa ameiandika mwenyewe daftarini, au ameitia nukta kwenye karatasi yake ya miraba. Basi tangu awali palikuwa na vitu viwili: mkondo upitao, ambao ni wa mwingine, na akiba ibakiayo, ambayo ni ya aliyeiweka.

Kwamba mkondo ulikuwa na mwenyewe si maneno yangu. Katika mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi baina ya soko la nafaka la Chicago na kampuni ya Christie, iliyotumia bei za soko hilo bila idhini. Jaji Holmes aliandika kwamba soko lina haki ya kulindwa katika takwimu lilizozikusanya, wala halipotezi haki hiyo kwa kuwapelekea watu wengi, madhali wamezipokea kwa masharti. Tangu hapo bei ya soko ikawa kitu cha kukodiwa. Hata leo masoko mengi huuza bei za papo kwa papo, na kuwaachia wasiolipa bei zilizokwisha kupita kwa dakika 15 au 20.

Udhaifu wa kuutegemea mkondo peke yake ulidhihirika tarehe 24 Oktoba 1929, siku ya mporomoko wa New York. Hisa zipatazo milioni 12.9 zilibadilishana mikono, na mashine za ukanda zikachelewa kwa zaidi ya saa nne. Watu waliuza kwa kutazama bei ambazo hazikuwapo tena.

Katika mwaka 1960 ilitoka Quotron, mashine iliyomwezesha dalali kubonyeza herufi za kampuni na kupewa bei yake ya mwisho. Hapa ndipo panapomfaa mwanaistilahi kusimama kidogo. Toleo la kwanza lilihifadhi bei kwenye utepe wa sumaku uliokuwa katika ofisi ya dalali mwenyewe. Haukupita muda mrefu, toleo la pili likaihamishia hifadhi hiyo kwenye kompyuta ya katikati, na ofisi zikaachiwa vibonyezo na majibu tu. Dalali aliyebonyeza hakuona tofauti yoyote, lakini kumbukumbu ilikuwa imekwisha kumtoka mikononi.

Ilimrudia kwa muda. Kompyuta ndogo za miaka ya 1977 hadi 1981, zikiwamo Apple II na ile ya IBM, zilimpa mtu binafsi uwezo wa kuchora nyumbani. Programu za wakati huo, kama MetaStock ya katikati ya miaka ya 1980, zilisoma bei kutoka katika majalada yaliyomo kwenye diski. Jalada moja la MetaStock halikuweza kubeba zaidi ya hisa 255. Simu ililipiwa kwa dakika, hivyo mtu alipiga jioni, akazichukua bei za kufungia soko, akakata, kisha akachora kwa raha zake. Kitendo hicho ndicho tukiitacho leo kupakua. Neno hili limechaguliwa vizuri kuliko wengi wadhanivyo: chakula kilichopakuliwa kimo sahanini mwako, hata chungu kikiondolewa jikoni.

Na chungu huondolewa. Intaneti ilipoenea, wachoraji wengi waliacha kuweka akiba, kwa kuwa Yahoo ilitoa bei za miaka mingi bila malipo. Mwezi wa Mei 2017 njia hiyo ilifungwa. Programu nyingi zilizoitegemea zilishindwa kuchora chochote, ila kwa wale waliokuwa na majalada yao.

Hata hivyo akiba nayo ina hatari yake. Tarehe 28 Agosti 2020 hisa ya Apple ilifunga kwa dola 499.23. Siku ya soko iliyofuata, tarehe 31, kila hisa iligawanywa kuwa nne, na jioni bei ikawa dola 129.04. Mwenye jalada ambalo halikurekebishwa huona mporomoko wa kutisha, ilhali hisa ilikuwa imepanda. Mwenye kutumia mtandao huona mstari laini, kwa sababu mtoaji ameigawa bei ya zamani kwa nne na kuiandika kuwa 124.81. Amesaidia, lakini pia ameibadili historia bila ya msomaji kuarifiwa. Mchoro uliochapwa mwaka 2019 hautalingana na wa leo, na wote wawili ni wa kweli.

Kwa hiyo jozi yetu haihusu mahali hasa, bali inahusu nani anaishika kumbukumbu na nani aweza kuibadili. "-a kienyeji" na "-a hapa nchini" hazifai kabisa. "Takwimu za hifadhi" lingekuwa jina zuri, lakini mtoaji wa mtandaoni naye ana hifadhi yake, kubwa kuliko yetu. "Za mkononi" limekwisha kuchukuliwa na simu. Napendekeza "takwimu za akiba" kwa zile mtumiaji azishikazo mwenyewe, na "takwimu za mtandaoni" kwa zile abakizo nazo mtoaji. Watakuwapo watakaosema akiba ni neno la benki. Ni kweli, lakini hata huko maana yake ni kilichowekwa na mwenyewe kwa siku ya haja, na nomino inayolitangulia huondoa utata. Haja si ndogo: soko la Nairobi liliundwa mwaka 1954, la Dar es Salaam likaanza kuuza hisa mwaka 1998, na walimu wa biashara katika miji yote miwili sasa hufundisha kusoma michoro hii.

Limesalia tendo lile la kuigawa bei ya zamani. Mwongozo niliopitia uliliita "kusahihisha bei". Silikubali, kwa kuwa 499.23 haikuwa kosa, watu waliilipa. "Kurekebisha", nililolitumia hapo juu, lina kasoro iyo hiyo kwa kiasi kidogo. "Kusawazisha bei" lina nafuu, na ndilo nililoliandika katika mswada, pamoja na maelezo mafupi chini ya ukurasa kwamba bei isiyosawazishwa itunzwe kando yake.