Fisi, Nyoka na Jiwe: Ishara za Wanyama katika Makaburi ya Nchi ya Meru

Wahakiki wengi wana orodha mfukoni. Wakikutana na mnyama katika kazi ya sanaa, huichomoa: simba ni ushujaa, njiwa ni amani, mwanakondoo ni mtoto asiye na hatia, nyoka ni Shetani. Kazi imekwisha, alama zimepatikana. Makala haya yanadai kwamba orodha hiyo haitufai tunapoyaendea makaburi ya Arusha na miteremko ya Mlima Meru, na kwamba kuitumia kuna hasara inayovuka mipaka ya darasa la fasihi.

Tuanze na kule orodha inakodhaniwa kufaa. Katika makaburi ya Highgate, London, simba wa mawe amelala juu ya kaburi la George Wombwell, aliyefariki mwaka 1850. Mbwa wa mawe analinda kaburi la bondia Tom Sayers, aliyefariki mwaka 1865. Je, simba yule ni ushujaa? Hapana. Wombwell alikuwa mfanyabiashara wa maonyesho ya wanyama, na simba ndio waliomlisha. Naye mbwa ni mbwa wa Sayers mwenyewe. Kumbe hata huko, ishara haisomeki mpaka uijue historia ya marehemu.

Sasa turudi nyumbani. Wamisionari wa Leipzig walifika Meru mwaka 1896, na wawili kati yao, Ovir na Segebrock, wakauawa Akeri mwezi Oktoba mwaka huohuo. Baadaye misheni ilijenga vituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Pamoja na kanisa likaja kaburi la Kikristo lenye msalaba. Huko Tengeru, ambako wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000 waliishi kuanzia mwaka 1942, yamebaki makaburi yapatayo 150, na hapo pia alama inayotawala ni msalaba. Mwenye orodha atatembea kutwa nzima akitafuta mnyama wa kuchongwa, kisha ataandika: jamii hizi hazikuwa na ishara za wanyama makaburini.

Hapo ndipo anapopotea. Mnyama alikuwapo, tena kabla ya msalaba. Ila hakuchongwa; alifanya kazi.

Mfano wa kwanza ni fisi. Kwa desturi ya zamani ya Wamasai, ambao Waarusha wa miteremko ya Meru wanashirikiana nao lugha na mfumo wa rika, maiti za watu wengi hazikuzikwa. Zililazwa nje, fisi wakaja usiku. Asubuhi watu walitazama. Fisi akiwa amekula, mambo yamekwenda vizuri. Akimwacha maiti, hiyo ilikuwa aibu na dalili mbaya, na ndiyo sababu maiti aliweza kupakwa mafuta na damu ya ng'ombe ili fisi asisite. Hebu tumfikirie fisi huyu. Katika hadithi tulizosimuliwa utotoni yeye ni mlafi na mjinga, Sungura anamcheza shere kila siku. Lakini penye kifo ulafi wake unageuka kuwa hukumu: kukubaliwa naye ni heshima ya mwisho. Mnyama ni yuleyule, tabia ni ileile, maana zimepishana kama mbingu na ardhi. Orodha gani ingetupa maana zote mbili?

Mfano wa pili ni nyoka. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wamasai kilichochapishwa mwaka 1905, ameeleza kwamba laiboni na matajiri hawakuachiwa fisi. Walizikwa katika shimo fupi na kurundikiwa mawe, na kila mpita njia aliongeza jiwe lake. Mwili ukishaoza, roho ya marehemu iliaminiwa kugeuka nyoka, nyoka huyo akaenda katika boma la watoto wake kuwaangalia. Kwa hiyo mwanamke akimkuta nyoka wa namna hiyo nyumbani hakumpiga. Alimwagia maziwa chini anywe. Kisha akaja nyoka wa kitabu cha Mwanzo, ambaye kichwa chake ni cha kupondwa. Nyoka wawili hawa walikutana katika nyumba moja: mmoja ni babu, mwingine ni adui. Mwandishi wetu yeyote anayetaka mgogoro wa kiutamaduni, badala ya kurudia kila siku mzozo wa mahari, angeuona hapa.

Tusiwe wepesi wa kusifia mila, lakini. Desturi hiyo ilikuwa na matabaka yake. Tajiri alipata mawe na kurudi akiwa nyoka. Mtu wa kawaida alipata fisi na hakurudi. Ng'ombe aliyekuwa nao mtu akiwa hai ndio walioamua mnyama gani atampokea akifa. Hiyo nayo ni maana, na mhakiki asiifiche.

Wapo watakaosema: hizo ni mila, si sanaa, ishara lazima ionekane. Nami nauliza: mbona katika ngoma na matambiko tunakubali kwamba tendo linabeba maana? Tumekwisha kukubali kwamba fasihi simulizi ni fasihi ingawa haikuandikwa. Basi tukubali pia kwamba kaburi lisilochongwa ni kaburi.

Hasara niliyoitaja inaonekana Ngorongoro, magharibi ya Arusha. Ukingoni mwa kreta kuna piramidi ya mawe juu ya kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai ikaanguka. Baba yake, Bernhard, aliyefariki mwaka 1987, amelazwa hapohapo. Bernhard Grzimek aliamini kwamba ndani ya hifadhi ya taifa asiishi mtu, hata mwenyeji. Na katika miaka hiyohiyo, kwa makubaliano ya mwaka 1958, Wamasai waliiacha Serengeti.

Ona kinaya kilichopo. Mgeni aliyeuawa na ndege wa porini amepewa rundo la mawe, kama alivyopewa laiboni, nasi tunalisoma bila shida: hapa pana mtu, hapa pana historia. Wenyeji waliowakabidhi wazee wao kwa fisi wa nchi ileile hawakuacha jiwe, na nchi yao ikaitwa pori tupu. Aliyezoea kusoma mawe peke yake huishia kusema kwamba mahali pasipo mawe hapakuwa na watu. Ardhi huchukuliwa kwa bunduki na kwa sheria, ndiyo, lakini pia kwa usomaji mbaya.

Kwa hiyo mhakiki wa Meru aingie makaburini na masikio, si macho tu. Awaulize wazee nani alimpokea marehemu, na kwa nini huyu si yule. Majibu yao ni matini, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka.