Kabla Hujafuta Kelele: Cool Edit Ilitufunza Nini

Wasee, leo tuongee kuhusu programu ambayo huenda ilizeeka kabla hujazaliwa: Cool Edit. Najua, sai kila mtu ana FL Studio na anajiita prodyusa. Lakini kama unarekodi chumbani na blanketi limefunika dirisha, wewe ni mjukuu wa Cool Edit hata kama hujui.

Miaka ya 1990, jamaa wawili waliowahi kufanya kazi Microsoft, Robert Ellison na David Johnston, walikuwa na kampuni ndogo huko Marekani inayoitwa Syntrillium. Cool Edit ilikuwa yao. Unaipata, unaijaribu, ukiipenda unalipa. Na kwa wale ambao hawajalipa, toleo la Cool Edit 96 lilikuwa na masharti ya ajabu: kila ukiifungua, unaulizwa uchague makundi mawili tu ya kazi. Labda leo mwangwi na kupunguza kelele. Ukitaka kingine, funga, fungua upya, chagua tena.

Inaudhi, eeh? Lakini ilibidi ujue unataka kufanya nini kabla hujagusa sauti. Sisi tuna vitufe kibao na hatujui tunatafuta nini.

Baadaye ikaja Cool Edit Pro, ya kurekodi traki nyingi. Toleo la pili lilifika traki 128. Sauti kuu hapa, kiitikio pale, biti chini yake. Kompyuta ya kawaida ya Windows ikawa studio.

Ila kwangu mimi, silaha yake kubwa ilikuwa kupunguza kelele. Unachagua kipande kifupi ambacho hakuna mtu anaongea, kuna ile kelele tu, kama feni au mvumo wa stima. Programu inaisoma, inapima iko kwa masafa gani na ina nguvu kiasi gani, halafu inaipunguza kwa rekodi yote. Studio ya pesa imejengewa kuta za kuzuia kelele. Kwa msee anayerekodi kwa ploti, hiyo hesabu ndiyo ilikuwa ukuta wake.

Sasa stori. Nyumbani tulikuwa na kaseti moja ya babu akisimulia alivyofika Nairobi kutafuta kazi. Ilikuwa imejaa mvumo. Binamu yangu, ambaye ndiye alikuwa fundi wa familia, akaiingiza kwa Cool Edit na kuvuta kupunguza kelele hadi mwisho. Kelele iliisha, kweli. Lakini babu akaanza kusikika kama anaongea ndani ya ndoo ya maji.

Ukihariri faili moja kwa moja kwa Cool Edit, mabadiliko yanaingia ndani ya faili yenyewe. Unaweza kurudi nyuma, lakini kabla hujafunga. Binamu akasevu juu ya rekodi ya kwanza, akafunga, akaenda kulala. Na kaseti yenyewe ilikuwa imemezwa na redio siku hiyo hiyo. Babu alikuwa ameshafariki.

Siilaumu programu. Mkono ulikuwa wetu. Maneno ya babu bado yapo, lakini mvua iliyokuwa ikigonga mabati nyuma yake haipo tena, wala pumzi zake katikati ya maneno. Sisi tuliziita kelele.

Mwaka 2003 Adobe ilinunua Cool Edit Pro kwa dola milioni 16.5, ikaibatiza Audition. Leo Audition unailipia kwa usajili, na kupunguza kelele kumekuwa jambo la kawaida hadi simu yako inafanya bila kukuuliza.

Na hapo ndipo ninapoikosa ile ya zamani. Cool Edit ilikuambia: nionyeshe kelele ni ipi. Ukikosea, umekosea wewe, na unajifunza kusikiliza. Simu inaamua yenyewe, na hutajua ilitupa nini.

Kwa hivyo, kama una sauti ya mtu wako, hata iwe chafu vipi, nakili faili kwanza na uiweke mbali. Ndiyo uanze kusafisha. Sisi tulijifunza hivyo kwa sauti ambayo hatutairekodi tena.