Wanagenzi wa Morogoro Stores

Edward Saidi Tingatinga hakuwahi kuketi katika darasa la sanaa. Wachoraji wasomi wa Tanzania wa zama zake, kama Sam Ntiro, walipitia Chuo cha Makerere, Uganda. Yeye alitoka Tunduru akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na mwaka 1959 akaingia Dar es Salaam kutafuta riziki. Alipoanza kuchora, mwaka 1968, alichukua vilivyokuwa karibu: hadibodi, ubao mwembamba wa kuwekea dari, aliyoikata vipande vya mraba vya kama sentimita 60 kila upande, pamoja na rangi ya baiskeli. Rangi hiyo hukauka upesi na kung'aa, nayo haikuwa ghali.

Mkewe, Agatha, aliziuza picha hizo Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni walikuja kununua mahitaji yao ya nyumbani.

Picha zenyewe zilitambulika kwa mbali. Mnyama mmoja, mara nyingi chui, tembo au ndege, ameijaza picha nzima juu ya rangi tupu, huku jicho lake likimkodolea mtazamaji. Hakuna milima nyuma yake wala kivuli chini ya miguu. Wapo wanaosema Tingatinga alivutiwa na picha za Wakongo zilizokuwa zikitembezwa mitaani Dar es Salaam. Hata kama ndivyo, chui wake hakufanana na picha ya mtu mwingine yeyote.

Wateja walipoongezeka, aliita watu wa kumsaidia. Wengi walikuwa jamaa zake na watu wa kwao kusini: Simon Mpata, January Linda, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu na Omari Amonde. Hapakuwa na ada, mtihani wala kitabu. Mwanagenzi aliketi karibu na fundi akatazama, akapewa brashi ajaze rangi ya nyuma, kisha siku moja akaachiwa mnyama mzima achore mwenyewe. Ndiyo njia ile ile ambayo seremala, mshona viatu na mchonga vinyago wamefundishwa tangu zamani: unaufuata mkono wa mwalimu mpaka mkono wako ujue njia.

Mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam walimpiga Tingatinga risasi, wakimdhania mhalifu anayekimbia. Akafa. Alikuwa amechora kwa takribani miaka minne tu.

Kwa hesabu ya kawaida, mtindo ule ulipaswa kufa naye. Wanafunzi hawakukubali. Waliendelea kuchora pale pale Morogoro Stores, wakafundisha ndugu zao na wana wa ndugu zao. Mwaka 1977 wakaunda ubia, na mwaka 1990 ukawa chama cha ushirika kilichobeba jina la mwalimu wao.

Mara nyingi watu wamewaita waigaji. Neno hilo linawapunja. Mpata aliondoka akaenda kufanya kazi Nairobi, na sifa zake zikafika hadi Japani. Huko Maasai Mara ipo hoteli yenye jina lake. Mohamed Charinda, wa kizazi kilichofuata, alimwacha mnyama mmoja akachora visa: mashetani, waganga, maisha ya kijijini, picha moja ikiwa na watu wengi kama soko. Wengine walijaza vitone mpaka manyoya ya tausi yakawa kama kanga. Ukiweka picha ya mwaka 1970 kando ya picha ya miaka 20 baadaye, utauona ukoo mmoja, lakini nyuso ni mbalimbali.

Wachongaji wa Kimakonde nao waliipitia njia hii ya kurithi mtindo wa mwalimu. Vinyago vya mashetani vilianza na Samaki Likankoa, na vile vya ujamaa, vyenye watu wengi waliobebana, vikaanza na Roberto Yakobo Sangwani. Leo wachongaji wengi sana wanazitumia njia hizo, wala hakuna anayewaita wezi.

Wizi upo, lakini ni jambo jingine. Baada ya mwaka 1972 bei ya picha za Tingatinga mwenyewe ilipanda, na picha bandia zenye saini yake zikaingia sokoni. Aliyechora chui kwa mkono aliofundishwa na kuandika jina lake mwenyewe amemheshimu mwalimu. Aliyeandika jina la marehemu amemwibia marehemu na mnunuzi kwa pamoja, na amejifuta mwenyewe.

Kwa hiyo ukinunua picha ya Tingatinga, iwe Oysterbay, Arusha au kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, usiishie kutazama chui. Tafuta jina lililo pembeni, na kama mchoraji yupo, muulize nani alimfundisha.