Mgeni, Mvuvi na Kiboko: Ziwa Edward katika Historia ya Virunga

Mji wa Goma uko mbali na bahari. Hata hivyo, suala la uhusiano baina ya mgeni, mvuvi na mnyama, ambalo aghalabu huchunguzwa kwa mifano ya hifadhi za pwani, lina mfano bora kaskazini mwa mji huo, katika Ziwa Edward. Sehemu kubwa ya ziwa hilo imo Kongo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1925 kwa amri ya Mfalme Albert I wa Ubelgiji, hasa kwa ajili ya gorila wa milimani. Ilipopanuliwa kuanzia mwaka 1929, ilizikumba pia nyanda na fukwe ambako watu walikuwa wakilima, wakichunga na kuvua. Uvuvi uliruhusiwa kwa masharti katika vijiji vitatu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Hivyo mgeni aliyefika Rwindi kutazama viboko alikuta ziwa ambalo mwenyeji alilitumia kwa kibali.

Utaratibu huo ulimchukulia mnyama kuwa mali ya mgeni, na samaki kuwa fungu la mvuvi. Maumbile hayakugawanyika hivyo. Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku na kunya majini mchana. Samadi yake hurutubisha viumbe vidogo ambavyo ni chakula cha tilapia. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikadiriwa kuwa karibu 30,000. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, baada ya vita na ujangili wa nyama na meno, walikuwa wamepungua hadi chini ya 1,000. Wavuvi nao walilalamikia kupungua kwa samaki, ingawa nyavu haramu na uvuvi katika mazalio zilichangia pia.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya ziwa hili inaonyesha kwamba mwenyeji hakupona kwa ujio wa mgeni pekee, wala mnyama hakusalimika kwa sheria pekee. Inabainika, basi, kwamba kumlinda kiboko bila kumshirikisha mvuvi ni kumnyima ziwa mlinzi aliye karibu nalo zaidi, na kumnyima mvuvi sababu ya kuona kuwa kiboko huyo ni wake pia.