Mjerumani Hakuacha Dhahabu, Aliacha Hela

Ndugu msomaji, kama umekulia Tanzania hadithi hii huenda unaijua. Kila penye nyumba ya mawe iliyojengwa na Mjerumani hapakosi mtu wa kukunong'oneza kwamba chini yake kuna mali. Wengine watakuambia ni sanduku la dhahabu, wengine watasema ni rupia. Kwetu Tabora hadithi hiyo ina nguvu zaidi, kwa sababu ndani yake kuna ukweli kidogo. Leo naandika juu ya huo ukweli kidogo, maana umemgharimu mjomba wangu ng'ombe wawili wa kulimia.

Nilikwenda kumsalimia wakati watu wanaandaa mashamba kusubiri mvua. Nikamkuta amekonda, macho mekundu kama mtu asiyelala.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umekuja wakati mzuri. Wewe umesoma, tena ni mwandishi. Twende ukaone kitu."

Akanipeleka kwenye gofu moja karibu na reli. Wenyeji huliita nyumba ya Mdachi. Paa lilishaondoka zamani, zimebaki kuta nene na mwembe mkubwa uani. Nikawakuta wanaume wanne wenye majembe na sururu, na mmoja aliyevaa vifaa vya kusikilizia masikioni, mkononi ameshika fimbo yenye sahani mwishoni. Wote walimwita mtaalamu, na ile mashine wakaiita kipimo. Kila mmoja alikuwa ametoa mchango wake. Mchango wa mjomba ulikuwa wale ng'ombe.

Mtaalamu aliniambia kipimo chake kinaona dhahabu hadi mita 10 chini. Sikubisha siku ile, lakini nilipotoka nilikwenda kusoma. Kumbe mashine hizi hazina uchawi. Ile sahani hupitishiwa umeme, ikatoa nguvu ya sumaku kuingia ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali, metali nayo hujibu kwa vijiumeme vyake, na mashine ikalia. Kwa kitu kidogo kama sarafu, mashine za kawaida huishia kama sentimita 20 au 30, basi. Mita 10 ni maneno ya kuuzia. Tena mashine hailii kwa dhahabu peke yake. Nilikaa pale saa nzima, ikalia karibu kila hatua: msumari wa reli, kipande cha bati, vizibo vya soda, kopo la samaki, bolti, msumari tena.

Halafu ikalia karibu na ukuta. Wakachimba kiasi cha kina cha kiwiko, zikatoka sarafu saba, nyeusi, zimegandana na udongo. Wote wakanyamaza. Mtaalamu akakwaruza moja kwa kisu, akaitazama, akatema mate pembeni. "Shaba tu hii." Akazitupa kwenye kifusi.

Nami nikafanya kosa. Niliokota moja nikaisugua kwa mchanga na maji mpaka ikang'aa, jambo ambalo baadaye nilijifunza kwamba halifai kabisa, maana unafuta alama zilizodumu miaka 100. Ikatokea taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, na herufi ndogo T. Upande wa pili: 20 HELLER.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoona kwamba wale jamaa walikuwa wameshika jibu la swali lao wakalitupa!

Turudi nyuma kidogo. Fedha ya kwanza ya Wajerumani huku ililetwa na ile kampuni yao ya Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1890 ilitoa rupia ya fedha yenye sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai, na pesa za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, maana watu wa pwani walikuwa wanasoma Kiarabu. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikabadili hesabu, rupia moja ikawa heller 100. Sisi tukaiita hela. Mjerumani kaondoka, rupia imekwenda, heller yenyewe imekufa, lakini mpaka leo mtoto akitumwa dukani anaomba hela.

Na hela haikuingia vijijini kwa upole. Kuanzia mwaka 1898 palikuwa na kodi ya nyumba, kwa kawaida rupia 3 kwa mwaka vijijini, na ilitakiwa zaidi kwa fedha. Asiyekuwa nayo aende akaitafute. Babu zetu Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi maarufu wa misafara, wakajikuta kwenye mashamba ya mkonge na kwenye ujenzi wa reli, ile reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo sarafu ya Mjerumani ukiiona, usione utajiri tu. Ona pia jasho la mtu aliyetembea mwezi mzima kwenda kuitafuta ili airudishe kwa huyo huyo aliyeitoa.

Sasa njoo kwenye ule ukweli kidogo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zikaziba pwani. Sarafu zilikuwa zinatengenezwa Ujerumani, sasa haziwezi kufika. Askari wanadai mishahara, wapagazi wanadai posho, wauzaji wa chakula wanadai malipo, na sarafu za fedha watu wamezificha majumbani. Kuanzia mwaka 1915 Wajerumani wakaanza kuchapa noti za dharura hapa hapa koloni. Kadiri vita vilivyoendelea karatasi ikazidi kuwa duni, mpaka mwaka 1917 zipo noti zilizopigwa kwa mihuri ya mpira. Wananchi hawakuziamini, na nani angeziamini?

Ndipo mwaka 1916 karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Mafundi wa reli wakaanza kupiga sarafu kwa shaba, ikiwemo ya maganda ya mizinga. Hizo ndizo zile 20 heller zenye herufi T, yaani Tabora. Pamoja nazo wakatengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Singida. Idadi inayotajwa ni sarafu 16,198. Moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo, kwa hiyo ukizijumlisha zote ni kama kilo 116, na hata hizo hazikuwa dhahabu tupu: robo yake ilikuwa metali nyingine. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, likaingia Tabora, na kiwanda kikawa kimekwisha kazi.

Kwa hiyo hadithi ya dhahabu ya Tabora haikutungwa hewani. Dhahabu ilikuwepo, na tembo yule wa rupia 15 leo ananunuliwa na wakusanyaji kwa maelfu ya dola. Lakini tazama alitengenezwa kwa nini. Alitengenezwa kwa sababu serikali ilikuwa imeishiwa! Mtu mwenye masanduku ya mali ya kuzika hayeyushi maganda ya mizinga kutafuta chenji. Ile sarafu ya shaba iliyotupwa kwenye kifusi ilikuwa inasema wazi: aliyenitengeneza alikuwa hana kitu.

Nilimweleza mjomba haya usiku, tumekaa nje, bibi naye anasikiliza. Mjomba akafikiri sana.

"Kwa hiyo Mdachi naye alikuwa hana chenji?"

"Hana, mjomba."

"Na hao tembo elfu kumi na sita wako wapi?"

Swali zuri, sikulikwepa. Nikamwambia zilitengenezwa zilipe madeni ya vita, hazikutengenezwa zifukiwe. Zilitoka mikononi mwa serikali zikaingia mikononi mwa watu, na ndiyo maana leo tunaziona kwenye minada ya Ulaya na Marekani. Inawezekana mtu mmoja alifukia yake chini ya mwembe. Inawezekana. Lakini huwezi kuuza ng'ombe kwa neno inawezekana.

Bibi akacheka, akasema kwa taratibu: "Mdachi alichukua hapa. Mnadhani angetuachia?"

Mjomba alirudi tena kuchimba siku mbili zilizofuata. Simlaumu sana. Ukishatoa ng'ombe wawili, kuacha ni kukubali kwamba wamekwenda bure. Walichimba mpaka chini ya msingi. Mvua ya kwanza ilipopiga usiku, kona ya nyumba ikaanguka na kujaza shimo. Bahati hapakuwa na mtu ndani. Mtaalamu akatazama kifusi, akasema mali imehama. Akafunga mashine yake, akaondoka. Mali imehama! Hakuna sentensi iliyowafilisi watu wengi kama hiyo.

Sasa kuna jambo jingine ambalo linaniuma kuliko hata ng'ombe. Nyumba ile ilikuwa imebeba habari. Sarafu saba pamoja, kando ya ukuta, kina cha kiwiko: je, zilikuwa kwenye mfuko ulioangushwa? Zilifichwa na fundi wa karakana? Na mpishi? Zilikuwa chini ya sakafu au juu yake? Mtaalamu wa mambo ya kale angepima, angechora, angechuja udongo, angeona na shanga na vigae vya vyungu ambavyo kipimo hakivisikii. Kumbukeni kwamba kabla ya rupia, fedha za misafara zilikuwa vitambaa, shanga na masango. Katika hivyo vitatu, mashine inasikia masango peke yake. Anayetafuta kwa sikio la kipimo tu anaharibu theluthi mbili za historia akiitafuta theluthi moja.

Mfano upo. Sarafu moja ya sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, iliyopatikana Great Zimbabwe, imesaidia kuonyesha jinsi pwani yetu ilivyounganishwa na dhahabu ya bara katika karne ya 14. Lakini sarafu nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ziliokotwa tu mchangani, hazikuchimbwa kitaalamu, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Sarafu ni zile zile za Kilwa. Tofauti ni kwamba nyingine tunajua maana ya mahali zilipolala, na nyingine hatujui.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kabla ya kuchimba kutafuta mabaki ya kale. Wale wanaume wanne hawakuwa wamewahi kuisikia, na mimi nisingeijua kama si kazi yangu. Tunawaambia wananchi kwamba wanaharibu urithi, lakini nani alikwenda kijijini kuwaambia kwamba gofu lile ni urithi? Waliyekwenda kuwaona wa kwanza alikuwa mwenye kipimo.

Zile sarafu niliziokota kwenye kifusi, nikazifunga kwenye karatasi, nikaandika mahali zilipotoka na kina chake kama nilivyokumbuka, zikapelekwa kwa watu wa mambo ya kale. Ni kidogo, na nimechelewa, lakini si haba.

Mjomba mwaka ule alilima kwa jembe la mkono, nusu ya eneo lake la kawaida. Ameniruhusu niandike haya ila nisimtaje jina, nami nimetii. Kabla sijaondoka aliniuliza, kwa sauti ya chini ili bibi asisikie, hivi zile hela saba kama ningeuza ningepata ngapi? Nikamwambia ukweli: dola chache tu. Akatikisa kichwa. "Hata kamba ya ng'ombe hazinunui."

Je, wewe msomaji, kijijini kwenu nyumba ya Mjerumani ipo? Inasemwa ina nini chini yake? Na nani ametoa ng'ombe?